Paa la Gari, Unga wa Chokaa na Katani: Niliyojifunza Karakanani Moshi

Paa lile la kunyanyuka lilirudi karakanani kwetu Moshi miezi minne tu baada ya kulikabidhi, likiwa limefungwa kwa kamba juu ya kerie ya gari lilelile la watalii nililolitengenezea. Dereva, ambaye alikuwa ametoka Arusha alfajiri, hakunigombeza. Alinisalimu, akanionyesha ufa ulioanzia kwenye bawaba ya nyuma na kukimbia karibu sentimita 60 kuelekea katikati, kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Fundi, hili paa lako ni gumu kweli, ila halina uvumilivu." Nimeendelea na kazi ya faibaglasi kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na bado sijapata maneno mafupi na sahihi kuliko hayo ya kueleza kosa nililolifanya.

Kosa lenyewe lilianza kama ubunifu. Mzee aliyenifundisha kazi alitumia vitu viwili tu, resini ya polyesta, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikitiwa dawa, na mkeka wa nyuzi za kioo, na hakuwa na subira na mtu aliyetaka kuongeza kitu cha tatu. Nilipoanza kujitegemea, bei ya resini ikawa inapanda huku wateja wakitaka bei ileile ya mwaka uliopita, nikasikia kwamba wenzetu wa mijini wanachanganya unga wa mawe ya chokaa. Sisemi ile chokaa ya kupaka ukutani, ambayo ina ukali wake, bali unga mweupe laini wa kalisi kaboneti unaotumika viwandani kutengeneza rangi, plastiki na karatasi. Vitu vya namna hii, vinavyoingizwa ndani ya plastiki bila kuwa nyuzi, nitaviita vijazio, kwa sababu kazi yao ya kwanza machoni pa fundi mwenye mfuko mwembamba ni kujaza nafasi ambayo ingejazwa na resini ya bei kubwa.

Sikuingia kichwa kichwa. Nilitengeneza vibao viwili vyenye unene sawa, kimoja cha resini tupu na kingine cha resini ile ile iliyochanganywa na unga kwa uzito wa sehemu 40 kwa kila sehemu 100 za resini. Nilivilaza juu ya matofali mawili, nikavibonyeza katikati kwa kidole gumba. Kibao chenye unga hakikupinda sana kama mwenzake, nikajipongeza. Nikahitimisha kwamba unga umeongeza nguvu, na kama nguvu imeongezeka, basi hakuna haja ya tabaka nne za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Tabaka tatu zitatosha. Hivyo ndivyo paa lile lilivyotengenezwa.

Kidole gumba hakikunidanganya. Mimi ndiye niliyemwuliza swali moja nikadhani amejibu matatu. Kitu kukataa kupinda ni jambo moja, nami huliita ukakamavu. Kitu kubeba mzigo mkubwa kabla ya kukatika ni jambo la pili, nalo ni nguvu. Na kitu kuvumilia pigo, au mtikisiko unaorudiwa mara elfu nyingi, bila ufa mdogo kugeuka kuwa ufa mkubwa, ni jambo la tatu, nalo ndilo dereva aliloliita uvumilivu. Punje za mawe ni kakamavu mara nyingi kuliko resini, kwa hiyo ukizisambaza ndani yake, kitu chote kinakakamaa. Lakini punje haina urefu. Ufa unapoifikia, huizunguka na kuendelea na safari yake, na pale ambapo resini haikuishika punje vizuri, ufa hupata njia iliyokwisha kufunguliwa. Uzi ni tofauti, kwa kuwa una mguu mmoja upande huu wa ufa na mguu mwingine upande wa pili, na ufa hauwezi kupanuka mpaka uukate uzi huo au uung'oe, na kazi zote mbili zinakula nishati.

Yeyote aliyewahi kupeleka gari kwa fundi wa bodi anaujua ukweli huu, ingawa huenda hajaufikiria hivyo. Puti inayojazwa penye bonde la mlango ni resini ya polyesta iliyoshindiliwa talki, unga wa jiwe laini. Ikipakwa nyembamba na kupigwa msasa, inakaa miaka. Ikipakwa nene kama kipande cha mkate ili kuficha kazi ya nyundo iliyokwepwa, inabanduka kwenye shimo la kwanza la barabarani. Mimi nilikuwa nimetengeneza paa zima lenye tabia ya puti, nikalipeleka kwenye barabara ya vumbi ya kati ya Ngorongoro na Serengeti, ile yenye vituta vinavyofuatana kama migongo ya bati, ambapo kila kilichofungwa kwenye gari hutetemeka kwa saa kadhaa mfululizo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuligundua mpaka nilipochukua msumeno na kukata paa lile kwa kuufuata ufa. Natamani kila kijana anayeingia kwenye kazi hii angeliona kwa macho yake. Kwenye ukingo wa mpasuko, nyuzi za kioo zilikuwa zimechomoza kama ndevu, ndefu, nyeupe, zinazong'aa, bila hata chembe ya resini iliyoganda juu yake. Nilipozivuta kwa koleo, baadhi zilitoka zima zima kama unyasi unaovutwa kwenye tope bichi. Katika kipande cha zamani cha mzee, ambacho nilikuwa nimekivunja makusudi ili nilinganishe, nyuzi zilikuwa zimekatika fupi karibu na uso wa mpasuko na zimevikwa resini mpaka nchani. Tofauti hiyo ilionekana bila miwani.

Mzee mwenyewe alipita siku ile ile, kwa maana habari mbaya haikawii katika mji wa ukubwa wa Moshi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huu mkeka haukunywa," alisema, akizipitisha zile ndevu kati ya vidole vyake. "Uliweka nini humu?"

"Unga kidogo tu, Mzee. Ili ikakamae."

"Na ulipoona resini imekuwa uji, ulidhani mkeka utakunywa uji?"

Sisi mafundi husema mkeka umekunywa pale weupe wake unapopotea na kuwa kama kioo kilicholowa, dalili kwamba resini imezama mpaka katikati ya kila fungu la nyuzi. Unga ulikuwa umeifanya resini iwe nzito, na nilikuwa nimefanya kazi hiyo mwezi wa Julai, wakati baridi ya huku kwetu chini ya Mlima Kilimanjaro tayari inaifanya resini kuwa nzito na kuganda polepole. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hesabu ya jinsi chembe zinavyoongeza uzito wa mtiririko wa kimiminika ilipigwa na Albert Einstein, ambaye alikosea tarakimu katika chapisho lake la kwanza la mwaka 1906 na kuirekebisha mwaka 1911. Kwa hesabu yake iliyorekebishwa, kila asilimia moja ya ujazo wa chembe huongeza upinzani wa kutiririka kwa takribani asilimia 2.5, na hiyo ni kwa chembe za duara zilizo chache. Unga halisi, wenye punje za kila umbo zinazogusana, huzidisha sana. Inanifariji kidogo kujua kwamba hata yeye alirudi kusahihisha.

Hapo ndipo nilipojifunza pia kupima kwa ujazo badala ya uzito. Sehemu 40 za unga kwa 100 za resini zinasikika kama mchanganyiko mzito sana, lakini unga huo una uzito wa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, huku resini iliyoganda ikiwa na kama gramu 1.2. Ukipiga hesabu, unga ule ulishika takribani asilimia 15 tu ya nafasi. Tabia ya mchanganyiko hufuata nafasi ambayo kila kitu kimeshika, wala haifuati mizani. Fundi anayenunua kwa kilo na kufikiri kwa kilo hujidanganya pande zote mbili, kwa kuwa kijazio kizito huokoa resini kidogo kuliko alivyotarajia, na kitu alichokitengeneza kinakuwa kizito zaidi. Paa lile lilikuwa zito, na kila kilo ya juu ya gari ni kilo inayoyumba.

Nililitengeneza upya bila malipo. Safari hii nilipanga tabaka mbili za mkeka na tabaka mbili za kitambaa cha nyuzi zilizofumwa, na hesabu niliyoifanya kabla ya kuchanganya resini ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Nyuzi za kioo za kawaida zina ukakamavu wa takribani gigapaskali 72 (gigapaskali ni kipimo cha ukakamavu), na resini ya polyesta kama 3.5. Mkeka wa nyuzi zilizokatwa, ukitandazwa kwa mkono na roli, hupokea kioo kama asilimia 30 ya uzito, yaani karibu asilimia 17 ya ujazo. Kwa sababu nyuzi zake zimelala kila upande, ni kama tatu ya nane tu ya mchango wao inayohesabika katika mwelekeo wowote utakaouvuta. Jumla yake ni kama gigapaskali 7.5. Kitambaa kilichofumwa hubana vizuri zaidi, kioo kikifika nusu ya uzito au karibu theluthi moja ya ujazo, na nusu ya nyuzi zake zinaelekea uliko mzigo, kwa hiyo unapata kama 14. Ni resini ile ile na kioo kile kile, na ukakamavu umekaribia mara mbili kwa sababu ya mpangilio na msongamano peke yake. Kile kisichoonekana kwenye hesabu hii ni kwamba ukivuta kitambaa hicho kwa pembe ya nyuzi 45, hesabu ya digrii ninamaanisha, unavuta zaidi resini kuliko kioo, na ndiyo maana sikuuacha mkeka kabisa.

Mteja yule, baada ya kulipokea paa la pili, alinitania kwamba sasa nimekuwa profesa. Kilichokuwa kimenibadilisha ni aibu zaidi kuliko elimu.

Katani niliijia kwa njia nyingine. Mkonge ni zao tunaloliona tangu utotoni, tukisafiri kwenda Same na kuendelea mpaka Tanga, na wengi tulifundishwa shuleni kwamba uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche michache tu ikifika hai. Nyuzi zake ni nyepesi, kama gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 2.55 za kioo, haziwashi ngozi, na zinapatikana bila kusubiri meli. Mteja mmoja aliyehitaji vibao vya dari vyenye sura ya asili aliniomba nijaribu, nami nikakubali kwa haraka ya mtu ambaye anadhani somo alilokwisha kulipia haliwezi kurudi.

Ilikuwa Aprili, mvua za masika zimekolea. Nilinunua katani iliyoonekana kavu kabisa, nikaipanga kwenye kalibu na kuimwagia resini iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Baada ya saa chache vibao vilikuwa na mapovu madogo kando ya kila fungu, na siku ya pili vilikuwa bado vinanata katikati. Nilichukua gramu 500 za katani ile ile, nikaikausha kwenye tanuri la jirani anayeoka mikate, nayo ikarudi ikiwa na gramu 455. Kumbe karibu sehemu moja ya kumi ya kile nilichokiita uzi ilikuwa maji. Uzi wa kioo hauna tabia hiyo, kwa maana haunywi maji ndani ya mwili wake, lakini uzi wa mmea uliumbwa kuishi na unyevu, na haujui kwamba umekufa.

Kukausha kulitibu mapovu, lakini vibao viliendelea kuvunjika kwa namna niliyoifahamu, ndevu zikichomoza safi bila resini. Tatizo lilikuwa ngozi ya uzi. Katani ina nta na gundi za asili juu yake, nayo hupenda maji, huku resini ikiyakimbia, na vitu viwili vya tabia hizo havishikani. Nyuzi za kioo hutoka kiwandani zikiwa zimeshapakwa dawa maalumu ya jamii ya silani, ambayo upande mmoja hushika kioo na upande mwingine hushika resini. Sikuwahi kuithamini dawa hiyo kwa sababu sikuwahi kuikosa. Kwa katani nililazimika kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Niliiloweka katika maji yenye kostiki soda kama asilimia 5, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, nikiwa nimevaa glavu na miwani, kisha nikaisuuza mara nyingi, nikamalizia kwa maji yenye siki kidogo, na kuikausha. Rangi yake ilififia na uso wake ukawa na mikwaruzo unapoupapasa. Vibao vya baadaye vilipovunjika, resini ilionekana imeng'ang'ania kwenye nyuzi.

Lakini hata hapo nilijikwaa tena, kwa kosa dogo ambalo limenifundisha kuliko yote. Ili kurahisisha kazi, kijana wangu wa karakana aliikata katani vipande vya milimita 5. Vibao vilitoka vizuri kwa macho na kukatika kama biskuti. Alipoikata kwa sentimita 4, mchanganyiko ule ule ukawa mgumu kuuvunja kwa goti. Sababu ni kwamba mzigo huingia kwenye uzi kupitia ubavu wake, polepole, kuanzia nchani, na uzi mnene unahitaji ubavu mrefu ili ufikie kubeba mzigo wake wote. Uzi mmoja wa kioo una unene wa mikroni kumi na kitu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ukishikwa vizuri na resini, milimita moja hivi inatosha. Fungu la katani lina unene wa mikroni 100 hadi 300 na hushikwa kwa udhaifu, hivyo linahitaji kama sentimita moja au zaidi kabla halijaanza kazi kamili. Chini ya urefu huo linang'oka tu. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumenunua nyuzi na kuzikata mpaka zikawa kijazio. Bibi yangu, alipokuwa akikandika nyumba kwa udongo, aliacha majani ya nyasi marefu na kumfokea mtoto aliyeyakatakata. Sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Nisieleweke vibaya kuhusu katani. Ukakamavu wake ni kati ya gigapaskali 9 na 22, na hata ukihesabu wepesi wake, haifiki pale ilipo kioo. Siwezi kuiweka kwenye paa la gari wala kwenye mtumbwi wa wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, ambao nimewahi kuombwa na nikakataa. Kwa dari, mabango na migongo ya viti, naipenda.

Pumba za mpunga kutoka mashamba ya Mabogini nilizijaribu kwa wiki mbili tu. Ganda la mpunga lina silika nyingi, madini yale yale ya mchanga, na majivu yake, ambayo ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, karibu yote ni silika. Unga wake ulikula diski za grinda na kunywa resini kupita kiasi. Niliacha.

Unga wa chokaa, hata hivyo, niliurudia, na naona nina wajibu wa kulisema hilo kwa sababu baada ya kisa cha paa nilikuwa nikiulaani mbele ya wateja. Niliombwa kumimina kitako kizito cha sanamu, unene wa sentimita 8, nami kwa ukaidi nikatumia resini tupu. Polyesta inapoganda hutoa joto, na hunywea kwa takribani asilimia 7 ya ujazo wake. Katika tabaka jembamba joto hutoroka hewani. Katika donge lile halikuwa na pa kwenda; kitako kilitoa harufu kali, kikageuka rangi ya asali iliyoungua, na kupasuka kwa mlio uliowatoa watu kwenye duka la jirani. Punje za mawe hazinywei wala hazitoi joto, bali hulinyonya, na katika kazi ambayo hakuna mvuto wala mtikisiko, uwezo huo ndio unaotakiwa. Kitako cha pili, kilichojaa unga na kokoto laini, kipo mpaka leo. Vivyo hivyo silika laini kabisa, asilimia mbili au tatu tu, huizuia resini kuchuruzika kwenye ukuta uliosimama, na masizi ya kaboni ndiyo yanayoupa mpira wa tairi uimara wake, jambo ambalo Arusha, iliyokuwa na kiwanda cha matairi, haihitaji kuelezwa na fundi wa Moshi.

Siku hizi kijana akija kuniuliza aweke unga kiasi gani, kwanza namwuliza kitu hicho kitakaa wapi, na nini kitakivuta. Akishindwa kujibu, namkabidhi kipande cha paa la kwanza, chenye ndevu zake, ambacho nimekitundika kwenye msumari karibu na mizani.

Juu ya bati la karakana nimeacha vibao vitatu vya katani tangu masika yaliyopita, nami huvipima kila mwisho wa mwezi. Viwili, ambavyo kingo zake niliziziba kwa resini baada ya kukata, havijabadilika sana. Cha tatu, ambacho nilisahau kukiziba, kimeongezeka gramu 31, na nchani mwa kila uzi uliokatwa pamejitokeza doa jeusi kama la wino. Nimekirudisha juu ya bati ili nione doa litaingia ndani kiasi gani.